Kuwahiana, Kupishana, Kungojeana: Kufuli katika Kiini cha Tarakilishi na Kauli ya Kutendana

Ikisiri

Makala haya yanaeleza dhana moja ya msingi katika sayansi ya tarakilishi, yaani matumizi ya kufuli katika kiini cha mfumo wa uendeshaji ili kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja zisiharibiane. Hoja yetu ni kwamba istilahi inayofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza kama 'hali ya mashindano' humpotosha mwanafunzi. Kwa upande mwingine, kauli ya kutendana, ambayo tunaifundisha katika madarasa ya sarufi, inatupa vitenzi vitatu vinavyoieleza dhana hiyo barabara: kuwahiana, kupishana na kungojeana. Mfano mkuu tumeutoa katika reli ya njia moja inayofika Kisumu.

1.0 Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na ubishi wa bwenini. Jirani yangu, anayesomea sayansi ya tarakilishi, alinishikilia kwamba Kiswahili kinafaa mashairi na hotuba, lakini hakiwezi kuingia ndani ya mashine. Ili kunijaribu, alinitaka nimfasirie jina la hitilafu moja wanayofundishwa katika somo la mifumo ya uendeshaji. Kwa haraka nikamwandikia 'hali ya mashindano'. Akacheka, akaniuliza: "Sasa ndugu yangu, nani alishinda?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifasiri neno nikaiacha dhana.

Si kwamba Kiswahili ni kigeni katika uwanja huu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Kazi za aina hiyo zilituonyesha kwamba mtumiaji anaweza kufungua, kuhifadhi na kuchapisha kwa lugha yake. Hata hivyo, hayo yote ni maneno ya barazani, yale ambayo mgeni huyaona mlangoni. Swali la jirani yangu lilihusu chumba cha ndani, ambako mtumiaji haingii. Je, lugha yetu inaweza kueleza yanayotendeka humo pasipo kukopa kila neno? Makala haya yanajaribu kulijibu kwa somo moja tu.

2.0 Kiini na wakazi wake

Mfumo wa uendeshaji ni programu inayosimamia programu nyingine zote. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachoamua ni kazi ipi ipate zamu, na kinachozungumza na vifaa kama vile diski, kioo na redio ya simu. Programu ikitaka lolote kati ya hayo, haina budi kukiomba kiini. Programu inayoendeshwa wakati huo tutaiita mchakato, na kifaa kinachotekeleza amri zake tutakiita kichakata.

Zamani tarakilishi nyingi zilikuwa na kichakata kimoja. Leo hata simu iliyo mkononi mwa mchuuzi wa samaki pale Dunga huwa na vichakata kadhaa, na ikiwa ni ya Android, kiini chake ni Linux, kile ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Vichakata hivyo huingia katika kiini kwa wakati mmoja na kugusa kumbukumbu ileile. Hata panapokuwa na kichakata kimoja tu, kifaa kinaweza kukikatiza katikati ya kazi na kukitaka kishughulikie jambo la dharura. Kwa hiyo kiini ni nyumba yenye wakazi wengi na jiko moja. Wahenga walisema nahodha wengi, jahazi huenda mrama. Tuone linavyokwenda mrama.

3.0 Kuwahiana

Chukua ukurasa mmoja wa kumbukumbu unaotumiwa na michakato kadhaa. Kiini huweka hesabu ya watumiaji wake. Mtumiaji akiongezeka, hesabu huongezwa moja. Akiondoka, hupunguzwa moja. Ikifika sifuri, ukurasa huhesabiwa kuwa mtupu na hupewa mwingine. Kwetu sisi, 'kuongeza moja' ni tendo moja. Kwa kichakata laweza kuwa matendo matatu: kusoma hesabu, kuijumlisha, na kuiandika upya.

Tuseme hesabu ni 4, na vichakata viwili, A na B, vinataka kuongeza kila kimoja mtumiaji wake. Mfuatano ufuatao unawezekana:

(i) A anasoma hesabu: 4.
(ii) B anasoma hesabu: 4.
(iii) A anajumlisha na kuandika: 5.
(iv) B anajumlisha na kuandika: 5.

Watumiaji ni sita, hesabu inasema watano. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alitekeleza amri zake kikamilifu, lakini pengo kati ya kusoma na kuandika liliruhusu mwenzake aingie. Athari zake huonekana baadaye, watumiaji watano wanapokwisha kuondoka. Hesabu inafika sifuri, kiini kinautoa ukurasa kwa mchakato mwingine, ilhali mtumiaji wa sita bado anaandika humo. Siri ya mmoja inasomwa na mwingine, au mashine nzima inasimama. Mfuatano ukiwa tofauti kidogo, A akamaliza kabla B hajaanza, hakuna kasoro yoyote. Ndiyo sababu hitilafu hii ni ngumu kuikamata: mtaalamu akirudia jaribio mara elfu, huenda isitokee hata mara moja.

Hapa ndipo 'mashindano' yanapopotosha. Katika mashindano kuna lengo moja, kuna mshindi, na mwenye kasi hutuzwa. Katika mfano wetu hakuna anayeshindana na mwenzake, na hata hajui kwamba mwenzake yupo. Kasi si kosa. Kosa ni kwamba matokeo yanategemea nani amemuwahi nani. Kitenzi 'wahi' kikiingia katika kauli ya kutendana kinatupa 'wahiana': A aweza kumuwahi B, na B aweza kumuwahi A, wala hakuna ajuaye mapema itakuwaje. Kiambishi -an- kinabeba kile ambacho neno 'mashindano' linakiacha, yaani kwamba kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati uleule. Kwa hiyo tunapendekeza 'hali ya kuwahiana'. Na methali tunayo tayari: kutangulia si kufika.

4.0 Kupishana

4.1 Reli ya Kisumu

Tiba ya kuwahiana ilikuwa mbele ya macho ya watu wa Kisumu kabla tarakilishi haijabuniwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ufuo wa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence. Kutoka Nakuru reli hiyo hupanda nyanda za juu, kisha hushuka hadi nchi ya miwa na kupita Muhoroni, Kibigori, Miwani na Kibos kabla ya kuingia Kisumu. Treni za abiria zilirejea humo mnamo Desemba 2021, baada ya njia kukarabatiwa.

Njia yenyewe ni moja. Treni itokayo Kisumu na ile iendayo Kisumu hazina budi kutumia chuma kilekile. Zinakutana bila madhara stesheni tu, palipo na njia ya pembeni ambamo moja huingia na kungoja nyingine ipite. Tendo hilo lina jina linalojulikana na kila msafiri wa barabara nyembamba: kupishana.

Nani huamua treni ipi ipishe? Tangu karne ya 19, reli za njia moja katika nchi nyingi zimetumia tokeni. Kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kina kidude chake, fimbo au kibamba cha chuma. Dereva haruhusiwi kuingia katika kipande hicho pasipo kukabidhiwa kidude hicho, naye hukirudisha anapofika upande wa pili. Kwa kuwa ni kimoja tu kinachoweza kuwa nje kwa wakati mmoja, treni mbili haziwezi kuwa na haki ya kuingia pamoja.

Hiyo ndiyo kufuli ya kiini. Kabla ya kugusa hesabu yetu, A huchukua kufuli, husoma, hujumlisha, huandika, kisha huachilia. B akija katikati hukuta kufuli limechukuliwa na hungoja. Matendo matatu yamefungwa pamoja mithili ya tendo moja. Uhusiano huu na reli si tashibihi ya mwandishi wa makala haya pekee. Mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeasisi dhana hizi katika miaka ya 1960, alikiita chombo chake kwa jina la nguzo ya ishara ya reli, na herufi mbili alizozitumia, P na V, katika maandiko yake ya mwanzo zilisimamia maneno ya Kiholanzi yenye maana ya kupita na kuachilia.

4.2 Kufuli ni mapatano

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa ni hili: tokeni haiizibi reli. Dereva mkaidi anaweza kuondoka bila tokeni, na chuma hakitamzuia. Kadhalika kufuli la kiini halikifungi kitu kinacholindwa. Ni tarakimu moja katika kumbukumbu inayosema 'imechukuliwa' au 'iko huru'. Programu ikiigusa hesabu pasipo kuliuliza kufuli, itaigusa, na kuwahiana kutarudi. Watungaji mia wakifuata kanuni na mmoja akaisahau, makufuli ya wote mia ni bure. Kwa hiyo usalama wa kiini unategemea mapatano ya waandishi wake, tena mapatano yanayopaswa kuandikwa waziwazi: kufuli hili linalinda data hii.

Msomaji makini atauliza: je, wawili hawawezi kuwahiana katika kulichukua kufuli lenyewe? A asome 'iko huru', B asome 'iko huru', wote waingie? Naam, wangeweza, kama kuchukua kufuli kungekuwa matendo mawili. Hapo mashine hutusaidia. Vichakata vya leo vina amri maalumu zisizogawika, zinazosoma na kubadilisha kwa pigo moja. Kila kufuli limejengwa juu ya amri hiyo, na hesabu ndogo kama ya mfano wetu mara nyingi huongezwa kwa amri hiyo moja kwa moja pasipo kufuli.

4.3 Namna mbili za kungoja

Kufuli likiwa limechukuliwa, anayengoja afanyeje? Katika Linux kuna namna kuu mbili. Ya kwanza ni kufuli la kuzunguka: kichakata husimama mlangoni na kuuliza bila kuchoka, "Tayari? Tayari?" Hakifanyi kazi nyingine, lakini mlango ukifunguka huingia mara moja. Ya pili ni kufuli la usingizi: mchakato hujiandikisha, hulala, na kichakata hupewa kazi nyingine hadi utakapoamshwa.

Ya kwanza inafaa kazi fupi mno, kwani kulala na kuamka kuna gharama yake. Ya pili inafaa kazi ndefu, kwa mfano ile inayosubiri diski. Ndiyo maana kuna sharti kali: aliyeshika kufuli la kuzunguka hana ruhusa ya kulala. Akilala nalo, wenzake watazunguka mlangoni wakipoteza nguvu bure, na pengine yule ambaye angemwamsha ni miongoni mwao.

5.0 Kungojeana na kujingojea

Dawa hii ina sumu yake. Tuseme treni moja imeshika kipande cha Muhoroni na inahitaji cha Kibigori ili iendelee. Nyingine imeshika cha Kibigori na inahitaji cha Muhoroni. Kila moja inafuata kanuni, kila moja ina haki ya kilicho mkononi mwake, na hakuna itakayosogea hata jua litue. Katika kiini ni vivyo hivyo: A ana kufuli la kwanza anangoja la pili, B ana la pili anangoja la kwanza.

Wengine wameiita hali hii 'mkwamo'. Neno si baya, lakini gari hukwama peke yake matopeni. Hapa kila mmoja anakwama kwa sababu ya mwenzake. Ngoja, ngojea, ngojeana: kauli ya kutendana inataja hali na sababu yake kwa pamoja.

Kinga yake ni utaratibu. Wote wakikubaliana kwamba kufuli la kwanza huchukuliwa daima kabla ya la pili, duara la kungojeana haliwezi kufungika. Kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu, mwaka wa 2006 Ingo Molnár aliingiza katika Linux chombo kinachofuatilia mpangilio ambamo makufuli huchukuliwa na kupiga kelele mpangilio unapovunjwa, hata kama kungojeana kwenyewe hakujatokea.

Kuna hali nyingine ambayo sarufi yetu inaieleza kwa kiambishi kimoja tu. Kichakata kimeshika kufuli la kuzunguka. Kabla hakijaliachilia, kifaa kinakikatiza. Kichakata kinaacha kazi na kuingia katika programu ya dharura. Programu hiyo inataka kufuli lilelile. Kichakata sasa kinazunguka kikimngoja mwenye kufuli, na mwenye kufuli ni chenyewe. Huko ni kujingojea. Ili kukuepuka, Linux huzuia makatizo katika kichakata hicho kwa muda ambao kufuli la aina hiyo limeshikwa. Mwalimu anayefundisha tofauti ya -ji- na -an- hatapata mfano ulio mkali zaidi: kungojeana kunahitaji wawili, kujingojea kunatosha mmoja.

6.0 Kufuli moja kubwa au ndogo nyingi?

Mwaka wa 1996, toleo la 2.0 la Linux lilipoanza kuendeshwa kwenye vichakata vingi, lilitumia njia rahisi: kufuli moja kubwa kwa kiini kizima. Ni kana kwamba treni itokayo Nakuru imekabidhiwa njia yote hadi Kisumu, na hakuna nyingine inayoruhusiwa kuondoka hadi ifike. Ajali hakuna, lakini abiria wa Muhoroni atangoja siku nzima. Vichakata vilipoongezeka, vingi vilishinda mlangoni.

Kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kukigawa kiini vipande, kila kipande na kufuli lake, kama stesheni zinavyoigawa reli. Haikuwa kazi ya usiku mmoja. Kila mahali palipotegemea kufuli kubwa palihitaji kusomwa upya ili kujua hasa ni data gani iliyokuwa ikilindwa, maana mara nyingi haikuandikwa popote. Mabaki ya mwisho ya kufuli hilo yaliondolewa mwaka wa 2011, katika toleo la 2.6.39. Miaka 15 ilipita kati ya kuingia kwake na kutoka kwake. Na faida ilikuja na gharama: makufuli yakiwa mengi, kazi nyingi huenda sambamba, lakini nafasi za kungojeana nazo huongezeka. Hakuna idadi moja ifaayo kila mahali.

7.0 Kisa cha mwaka wa 2016

Ili tusidhani kwamba haya ni mambo ya ubaoni tu, tutaje kisa kimoja. Mnamo Oktoba 2016 ilitangazwa hitilafu ya kuwahiana katika kiini cha Linux, iliyogunduliwa na Phil Oester na kupewa lakabu ya Dirty COW. Herufi tatu za mwisho ni kifupisho cha desturi ya kunakili wakati wa kuandika, ingawa kwa mzaha jina zima husomeka kama 'ng'ombe mchafu'.

Desturi yenyewe ni ya busara. Michakato miwili husoma ukurasa mmoja. Mmoja akitaka kuandika, kiini humpa nakala yake ili asiharibu ya asili. Hitilafu ilikuwa katika pengo la hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kiini kilitengeneza nakala. Katika hatua ya pili kilirudi kuutafuta ukurasa ili kuandika, kikiamini kwamba nakala ipo. Mhalifu aliweka kazi nyingine ya kukiambia kiini kiitupe nakala hiyo katikati ya hatua hizo. Akiwahi, kiini kiliandika katika ukurasa wa asili. Hivyo mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu aliweza kubadilisha faili za mfumo na kujitwalia madaraka yote ya mashine. Hitilafu hiyo ilikuwamo katika matoleo yaliyotolewa tangu 2007, na ilihusu simu za Android pia. Torvalds mwenyewe aliandika kwamba alikuwa amejaribu kuitibu miaka 11 nyuma, bila mafanikio.

Zingatia kwamba makufuli hayakukosekana. Kila hatua ilikuwa na ulinzi wake. Kilichokosa ulinzi ni imani iliyovushwa kutoka hatua moja hadi nyingine: 'nakala ipo'. Tena tiba haikuwa kuongeza kufuli, bali alama ya kukikumbusha kiini kwamba hatua ya kunakili imekwisha kupitiwa, na sharti la kuhakikisha kwanza kwamba kinachoandikwa ni nakala kweli. Anayeielewa dhana kama 'mashindano' angetafuta namna ya kupunguza kasi. Anayeielewa kama kuwahiana hutafuta pengo.

8.0 Kufuli au komeo?

Limebaki swali la jina la chombo chenyewe. 'Kufuli', neno lililotoka katika Kiarabu, limezoeleka. Hata hivyo, mwenye kufuli hulifunga kwa nje anapoondoka, ili kumzuia mwizi asiingie nyumba isiyo na mtu. Katika kiini mambo ni kinyume: aliye ndani hufunga kwa sababu yumo ndani, na anapotoka hufungua. Hiyo ni kazi ya komeo, si ya kufuli. Kwa uaminifu wa dhana, 'komeo' lina haki zaidi.

Hata hivyo, hatupendekezi kuling'oa 'kufuli'. Istilahi hukua kwa mazoea kama inavyokua kwa mantiki, na neno linaloeleweka sokoni Kibuye lisitupwe kwa sababu ya usahihi wa darasani. Tunachopendekeza ni kwamba mwalimu analitaje komeo anapoanza somo, ili mwanafunzi asidhani kwamba kufuli la kiini limewekwa kwa ajili ya wezi. Limewekwa kwa ajili ya jamaa wa nyumba moja.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba hatari katika kiini ni pengo kati ya kutazama na kutenda. Kwamba kufuli ni mapatano ya kulifunga pengo hilo. Na kwamba mapatano yasiyo na utaratibu huzaa kungojeana. Vilevile tumeona kwamba dhana hizi, zinazodhaniwa kuwa ngeni, zinakaa katika kiambishi ambacho mtoto wa Kiswahili hukitumia kabla hajaenda shule. Waunda istilahi wanapokabiliwa na neno la Kiingereza, wasianze kwa kuuliza linamaanisha nini katika kamusi. Waulize nani anamtenda nani.

Nilirudi kwa jirani yangu na vitenzi vyangu vitatu. Aliviandika katika daftari lake, akakaa kimya, kisha akaniuliza kuhusu hali ambapo wawili wanapishana mlangoni bila kikomo, kila mmoja akimwambia mwenzake "tangulia", na hakuna aingiaye. Wataalamu wana jina lake. Sisi bado. Nawaachia wasomaji wa jarida hili.

Maswali ya mjadala

1. Pendekeza kitenzi cha hali aliyoitaja jirani wa mwandishi, na utetee kauli uliyoitumia.
2. Je, 'kuwahiana' kunafaa pale ambapo wahusika ni zaidi ya wawili? Jadili kwa kuzingatia maana za kiambishi -an-.
3. Taja istilahi nyingine ya teknolojia ambayo tafsiri yake ya neno kwa neno imeiacha dhana nyuma.